Picha ya Ndani ya Kinywa Chako: Nani Anaipiga, kwa Nini, na Inakwenda Wapi

HATI YA KIPINDI: AFYA KAMBINI

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka taratibu)

Tunakusalimu wewe uliye Nyarushishi hapa Rusizi, wewe uliyekwisha hamishiwa Mahama, na nyinyi wa Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa. Karibu tena katika kipindi chetu cha afya. Kama hukukisikia redioni na karatasi hii ndiyo imekufikia mkononi, karibu vilevile. Isome, kisha umsomee jirani.

Leo tuanze kwenye kiti cha daktari wa meno. Shavu limevimba na usiku kucha hukulala. Unangoja uchomwe ganzi, jino ling'olewe, urudi zako nyumbani. Badala yake anakuja kijana mwenye glavu na barakoa, mkononi ana kamera. Anasema: "Mama, samahani. Naomba nipige picha ndani ya kinywa chako."

Moyo unashtuka. Picha ya nini? Itakwenda wapi? Nani ataitazama?

Kwa mtu aliyekimbia nchi yake, maswali hayo si madogo. Tangu ulipovuka mpaka umekwisha kupigwa picha mara nyingi. Kwenye usajili walichukua picha ya uso na alama za vidole. Pengine alikuja mwandishi wa habari akakupiga ukiwa kwenye foleni ya maji. Pengine alikuja mgeni akapiga picha za watoto wako, akapanda gari, na hukumwona tena. Kwa hiyo ukiona kamera tena hospitalini, ni haki yako kusita kidogo.

Leo tunaeleza jinsi wasaidizi wa daktari wa meno wanavyofundishwa kupiga picha za matibabu. Ukijua wanachofundishwa, utajua pia unachoweza kudai ukiwa kwenye kile kiti.

(Muziki mfupi)

PICHA INASAIDIA NINI?

Jambo la kwanza: picha ya kinywa ni sehemu ya faili lako la matibabu, sawa na eksirei au karatasi ya kipimo cha damu. Haimo katika usajili wako wa ukimbizi, na haiongezi wala haipunguzi mgao wako wa chakula.

Faida yake inaonekana zaidi kwa mtu anayehamishwa. Nyarushishi ni kambi ya kupitia. Mtu anavuka kutoka Bukavu au kutoka upande wa Kamanyola, anaandikishwa, anakaa kwa muda, kisha anapelekwa kambi nyingine. Wengi hupelekwa Mahama, wilayani Kirehe, upande wa pili kabisa wa Rwanda, karibu na Tanzania. Sasa fikiri: ulionwa na mtu wa meno hapa Rusizi una kidonda kwenye ufizi, ukapewa dawa, wiki mbili baadaye uko Mahama. Daktari wa huko anakuuliza, "Kidonda kilikuwa kikubwa kiasi gani?" Utaonyesha kwa kidole na kusema, "Hivi." Lakini kama faili lako lina picha yenye tarehe, daktari ataona mwenyewe kama kidonda kimepungua, kimebaki vilevile au kimeongezeka. Kidonda cha kinywani ambacho hakijapona baada ya wiki mbili kinahitaji kuchunguzwa zaidi. Picha ya kwanza ndiyo inayoanza kuhesabu siku hizo.

Faida ya pili ni umbali. Wilaya ya Rusizi ina hospitali za Gihundwe na Mibilizi, lakini madaktari bingwa wa upasuaji wa taya wengi wako Kigali. Kutoka hapa hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, tena kupitia msitu wa Nyungwe. Daktari bingwa akiona picha nzuri pamoja na maelezo, anaweza kushauri: mgonjwa huyu mleteni leo, yule mtibuni hapohapo. Picha mbaya, yenye giza au ukungu, haimsaidii. Inaweza hata kumsafirisha mtu bure, au kumwacha nyumbani mtu aliyepaswa kusafiri.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo huko Jinja. Mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo. Kisha akatengeneza karatasi yenye picha, akazituma hospitali nyingi za Afrika na kuuliza: je, kwenu mmeona watoto kama hawa? Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari na wenzake wawili, wakipita hospitali baada ya hospitali na swali lilelile. Hivyo ndivyo dunia ilivyoijua saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Ni saratani inayotibika kwa dawa, hasa mtoto akifikishwa mapema. Mara nyingine dalili yake ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea bila sababu.

Basi picha ya taya ya mtoto mmoja inaweza kuwasaidia wengi. Lakini siku hizo hapakuwa na kanuni kali za kumwomba mgonjwa ruhusa ya picha kama zilizopo leo. Kanuni hizo ndizo sehemu kubwa ya mafunzo ya sasa.

(Muziki mfupi)

MSAIDIZI ANAFUNDISHWA NINI?

Watu hudhani kupiga picha ni kubonyeza tu. Ndani ya kinywa ni kazi nyingine. Pana giza, mate, ulimi usiotulia, na mgonjwa mwenye maumivu.

Somo la kwanza ni usafi. Anayeshika kamera hagusi kinywa, na anayegusa kinywa hashiki kamera. Kwa hiyo kazi hufanywa na watu wawili. Akiwa peke yake, msaidizi anatakiwa kubadili glavu kila mara. Kamera hufutwa kwa dawa baada ya kila mgonjwa, na vifaa vilivyoingia kinywani havitumiwi kwa mtu mwingine kabla ya kusafishwa na kuuliwa vijidudu. Ukiona kifaa kimetoka kwa mgonjwa aliyekutangulia kikaletwa moja kwa moja kwako, sema hapana.

Somo la pili ni vifaa. Utaona vipande viwili vya plastiki vilivyopinda. Hivyo huwekwa pembeni mwa midomo ili kuvuta mashavu. Vinabana kidogo, lakini havipaswi kuumiza. Midomo yako ikiwa imekauka au imepasuka, mwambie akulainishie kwanza kwa maji. Utaona pia kioo kirefu chembamba. Hicho huingizwa ili kamera ione meno ya nyuma. Pumzi yako hukitia ukungu, kwa hiyo msaidizi hukitia kwanza katika maji ya uvuguvugu, kisha atakuomba upumue kwa pua.

Somo la tatu ni mpangilio. Picha za kawaida ndani ya kinywa ni 5: mbele ukiwa umeuma meno, upande wa kulia, upande wa kushoto, meno ya juu kwa kioo, na meno ya chini kwa kioo. Mara nyingine huongezwa picha za uso, hasa kukiwa na uvimbe au taya iliyovunjika. Si kila mgonjwa anahitaji zote. Mwenye kidonda kimoja kwenye ufizi hana sababu ya kupigwa uso. Uliza: "Uso wangu unahitajika?" Kama hauhitajiki, usipigwe.

Somo la nne ni ukweli wa picha. Msaidizi hufundishwa kufuta mate na damu kwanza, kusogea umbali uleule kila mara, na kutumia mwanga uleule. Kando ya kidonda huwekwa rula ndogo ya karatasi ili ukubwa ujulikane. Hairuhusiwi kurekebisha rangi kama watu wanavyopamba picha zao za harusi. Daktari anategemea rangi ili ajue kama ufizi umewaka wekundu au umekufa ukawa mweusi. Hapa pana jambo linalowahusu Waafrika wengi. Ufizi wetu mara nyingi una rangi ya kahawia au nyeusi tangu kuzaliwa, na huo si ugonjwa. Msaidizi aliyefundishwa vizuri haongezi mwanga ili "kuusafisha" ufizi wa mtu, wala haandiki kuwa ni doa la ugonjwa. Lakini weusi ambao haukuwapo jana, hasa ukiwa na harufu na maumivu, huo ni wa kuonyesha haraka.

Somo la tano ni kujua mipaka ya picha. Picha huona juu tu. Haioni mzizi wa jino wala usaha ulio ndani ya mfupa. Hiyo ni kazi ya eksirei. Haipimi maumivu. Kwa hiyo picha haichukui nafasi ya kuulizwa, kuguswa na kusikilizwa.

(Muziki mfupi)

RUHUSA YAKO

Sasa tufike penye uzito.

Kabla ya kupiga picha, msaidizi anapaswa kukueleza mambo manne kwa lugha unayoielewa: picha ni ya nini, nani ataiona, itahifadhiwa wapi, na kwamba ukikataa bado utatibiwa. Kama anaongea Kinyarwanda au Kifaransa na wewe wasikia Kiswahili, Kimashi au Kirundi, omba mkalimani. Lakini mkalimani asiwe mtoto wako, wala jirani usiyetaka ajue ugonjwa wako.

Ruhusa si moja. Ni tatu, na kila moja huombwa peke yake.

Ya kwanza ni ruhusa ya matibabu: picha inakaa katika faili na kuonwa na wanaokutibu. Ya pili ni ruhusa ya mafunzo: picha inaonyeshwa kwa wanafunzi wa udaktari au wauguzi. Ya tatu ni ruhusa ya kuonyesha watu wote: kwenye bango, gazeti, ripoti au mtandao. Unaweza kukubali ya kwanza na kukataa mbili zilizobaki. Ukiletewa karatasi moja inayochanganya zote tatu, sema unataka ya matibabu tu, na iandikwe hivyo.

Na ukisema hapana? Hapana yako isikupotezee zamu. Isicheleweshe ganzi. Isibadilishe dawa. Daktari ataandika na kuchora katika faili kama madaktari walivyofanya kabla ya kamera.

Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa ziada. UNHCR nayo ina kanuni zake za kulinda taarifa za wakimbizi tangu mwaka 2015. Usiogope kuyataja hayo kwa upole. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ruhusa. Hata hivyo mtoto naye aelezwe na akubali. Mtoto anayelia hashikwi kwa nguvu ili apigwe picha. Kama picha si ya lazima siku hiyo, huachwa.

(Muziki mfupi)

PICHA INAKAA WAPI?

Hapa ndipo wengi huingia hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Kuna mtu ambaye hataki aliyemfukuza ajue yuko wapi. Kuna ambaye ndugu zake wamebaki ng'ambo ya mto. Kwa watu hao, picha ikizagaa inaweza kuleta hatari.

Ndiyo maana msaidizi hufundishwa haya. Kwanza, kamera au simu iwe ya kituo cha afya, isiwe simu yake mwenyewe anayokwenda nayo nyumbani. Pili, picha isiandikwe jina lako. Iandikwe namba ya faili na tarehe. Tatu, simu nyingi huficha ndani ya picha mahali ilipopigwa. Hicho kizimwe kabla ya kazi kuanza. Nne, picha ikishaingizwa katika faili, ifutwe kwenye simu. Tano, isitumwe katika kundi la WhatsApp, hata kama kundi lote ni la madaktari. Ikibidi kupata ushauri wa daktari aliye mbali, itumwe kwake peke yake kwa njia iliyokubaliwa na hospitali, bila jina.

Zamani watu waliridhika wakiweka mstari mweusi juu ya macho. Hiyo haitoshi. Mama atamtambua mwanawe kwa kidevu. Jirani atakutambua kwa mwanya wako, kwa kovu la mdomo, au kwa jino lililovunjika pembeni. Hata picha ya meno peke yake inaweza kumtambulisha mtu. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kuwafungia picha wasiohusika.

Tuchukue mfano. Binti amevunjwa meno mawili ya mbele kwa kipigo nyumbani. Msaidizi anaomba picha. Picha yenye tarehe inaweza kumsaidia baadaye kama ataamua kushtaki, kwa sababu majeraha hupona na uvimbe hushuka. Lakini uamuzi ni wake. Aelezwe hivyo akiwa peke yake, si mbele ya mume au shemeji aliyemsindikiza. Aambiwe pia kuwa katika hospitali za wilaya kuna vituo vya Isange vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili, bila malipo. Hata akikataa picha, meno yake yatatibiwa.

(Muziki mfupi)

USINGOJE PICHA

Kuna magonjwa ambayo hayangoji kamera. Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona uvimbe wa jino unapanda kuelekea jicho au kushuka shingoni. Ukishindwa kumeza au kufungua kinywa. Pumzi ikiwa nzito. Au homa ikipanda pamoja na uvimbe.

Na wewe uliye na mtoto mdogo, sikiliza hili. Noma ni ugonjwa unaoanza kama ufizi unaotoka damu, kisha harufu kali, kisha shavu linavimba, na kwa siku chache tu nyama ya uso huanza kufa. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 waliodhoofika kwa utapiamlo au waliotoka kuugua surua. Wasipotibiwa, wengi mno hufa: Shirika la Afya Duniani linasema ni karibu 90 kati ya 100. Lakini ukikamatwa mwanzoni, dawa za kuua bakteria, kusafisha kinywa na lishe nzuri huuzuia. Hauambukizi kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, wala si laana. Desemba 2023 shirika hilo liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Usimfiche mtoto ndani kwa aibu ya harufu. Mpeleke siku hiyohiyo.

(Muziki mfupi)

TUKUMBUSHANE

Ukikaa kwenye kiti na kamera ikaletwa, uliza maswali haya:

1. Picha hii ni ya kunitibu, au ni ya kazi nyingine?
2. Ni lazima uso wangu uonekane?
3. Simu hii ni ya kituo au ni yako?
4. Nani ataiona, na itafutwa lini kwenye simu?
5. Nikihamishiwa kambi nyingine, faili langu litanifuataje?

Swali la tano usilisahau. Siku jina lako likitokea kwenye orodha ya basi la kwenda Mahama, pitia kliniki kabla ya kufunga mizigo. Omba karatasi ya rufaa inayosema ulitibiwa nini na kwamba picha zipo. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi za chanjo za watoto.

Unaweza pia kubadili nia. Ukitoa ruhusa leo kisha kesho moyo ukakataa picha yako kutumika kwenye mafunzo, rudi useme. Na ukiona picha yako mahali ambapo hukukubali, usinyamaze. Anza na mkuu wa kituo cha afya. Usiposikilizwa, nenda kwenye dawati la ulinzi la UNHCR kambini au kwa ofisi ya MINEMA. Kwa nchi nzima, anayesimamia sheria ya taarifa binafsi ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA.

Na nyinyi vijana wakimbizi mnaofanya kazi kliniki, mnaotafsiri, mnaoshika taa na kumtuliza mgonjwa, neno moja kwenu. Huenda siku moja mtapewa kamera. Kabla ya kubonyeza, kumbukeni foleni ya usajili. Kumbukeni mlivyosimama mbele ya kamera bila kuambiwa kitu, mkaogopa kuuliza. Mgonjwa aliye kwenye kiti ndiye yule mliyekuwa nyinyi. Mwambieni jina lenu, mwelezeni, mngojeni ajibu. Akisema ndiyo, pigeni picha nzuri itakayomsaidia kupona. Akisema hapana, wekeni kamera chini na mumshike mkono.

Kama una swali, liandike kwenye karatasi bila jina ulitumbukize katika sanduku la maoni lililo kwenye kituo cha afya. Hadi tukutane tena, piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na usingoje jino likuume ndipo umkumbuke daktari.

(Muziki wa kufunga)